Nauli Aliyolipa

Mwaka niliponunua gari nilisoma habari za bima kuliko nilivyowahi kusoma maandalio ya somo. Bima ndogo ingemlipa yule nitakayemgonga, mimi na gari langu tubaki tunatazamana. Bima kubwa ingetulipa wote, ila bei yake ilinikausha mate. Nikajikaza, nikachukua kubwa. Rahisi ni ghali, nikawaambia walimu wenzangu pale shuleni Bisibo, na kwa wiki nzima nikawa bingwa wa bima wa ofisi ya walimu.

Kilichoniponza ni swali la pili. Wakala aliniuliza, kalamu mkononi, "Matumizi binafsi au biashara?" Nikajibu binafsi, upesi upesi. Kwani gari si langu mwenyewe? Lakini nisijisafishe. Nilijua biashara inalipiwa zaidi, na nilijua kila Jumamosi nitabeba abiria kutoka Nyabusozi hadi Biharamulo mjini. Wenye magari wote walikuwa wanabeba.

Jumamosi moja ya mvua gari liliserereka kwenye tope likaingia mtaroni. Abiria walikuwa wanne. Watatu walitoka wakijifuta matope na kunitukana. Wa nne, mama mzee aliyekuwa amekuja kumwona binti yake aliyeolewa Nyabusozi na sasa anarudi kwao Ngara, alivunjika paja. Daktari alisema lazima apelekwe hospitali ya rufaa akawekewe chuma, vinginevyo hatasimama tena. Mshahara wangu haukufika hata nusu ya gharama hiyo. Tegemeo lilikuwa bima.

Kampuni ikamleta mkaguzi, kijana mpole wa viatu safi. Akalizunguka gari, akapiga picha, kisha akasema kesho yake angezungumza na mgonjwa.

"Kama ulimsaidia tu, tutamtibu," aliniambia. "Kama alilipa nauli, mwalimu, sisi hatumo. Ulituandikia binafsi."

Jioni nikaenda wodini. Nikisema kweli, mama anakosa chuma. Nikidanganya, itabidi na yeye adanganye, na huyu ni mama ambaye rozari haimtoki mkononi. Nilibanwa kila upande, na mtego nilikuwa nimeutega kwa mkono wangu mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwarimu. Umekura?"

Anayeumwa ni yeye, anayeulizwa chakula ni mimi. Sentensi yangu nilikuwa nimeiandaa njiani: sema nilikupa lifti tu. Mara tatu nilifungua kinywa kuitoa, na mara tatu nikajikuta nauliza kama uji umeletwa. Nilijichukia. Sikujua hata ninachokichukia zaidi, uongo niliotaka kumfundisha au woga ulionizuia. Mwisho nikamwambia kesho atakuja mtu wa bima, atamuuliza habari za safari. Akaitikia kwa kichwa, akasema wala nisihangaike.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi nje ya wodi. Nilimwomba Mungu amsahaulishe mama kidogo tu, jambo ambalo hata kulitamka ni aibu. Mkaguzi hakukaa sana ndani. Alipotoka faili lilikuwa limeshafungwa. Akasema, "Pole, mwalimu," bila kunitazama, akaenda zake.

Nikaingia. Mama alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tuanguke.

"Mwarimu, yure kijana arikuja kutudhurumu," akasema. "Ati niripanda bure! Ananiuliza mara mbili, bure, bure, anataka niitike. Nikamwambia, mwanangu, mimi si wa kupanda bure. Niriripa nauri yangu yote. Akaandika mwenyewe, nimemwona."

Akaushika mkono wangu, akaubana.

"Ariyeripa ndiye mwenye haki ya kutibiwa. Ningesema bure wangetunyima, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Asante."