Siku Yao ya Jumatano

Nilipotoka chuo nilifanya kazi Kitengela, kwenye utafiti wa kuzuia Ukimwi miongoni mwa wanaume wanaopenda wanaume. Mkubwa wetu aliwatengea kliniki ya Jumatano, eti kuwasitiri. Punde mji mzima ukaijua Jumatano. Ujinga gani huo?

Rafiki yangu mwenye bucha alipofika getini kupimwa, vijana wa steji ya matatu wakamcheka. "Mzee wa nyama, kumbe na wewe ni wa Jumatano?"

"Nimeletea daktari maini tu," akasema, akageuka na kurudi zake bila kupimwa.

Mkutanoni mkubwa akalalamika kwamba watu hawa hawaji kliniki, hawajali afya yao. Nikamuuliza ni nani aliyewaanika. Akasema napenda maswali sana.

Jumatatu nikampeleka rafiki yangu wa bucha kupimwa hospitali ya Kajiado. Tukapiga foleni na kina mama wenye watoto, na hakuna aliyemtazama.