Bia ya Mashahidi, Nyakabiga

Nyumba yangu ya kwanza niliinunua Nyakabiga, wakati ambao watu wenye akili walikuwa wakiuza. Mimi sikujiona mjinga. Nilikuwa nimekimbia vita vya kwetu Kongo nikaangukia vita vya Burundi, na mtu aliyekimbizwa kiasi hicho huanza kutamani ukuta wake mwenyewe. Nilikuwa nauza vitenge kwenye kibaraza cha duka moja pale mtaa wa maduka wa Asiatique, na sisi wanawake kumi wa kibaraza kile tulikuwa na likelemba: kila mwezi tunachanga, mmoja anabeba zote. Zamu yangu ilipofika niliongezea akiba ya miaka mitatu, na mkufu wa harusi nikauuza.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mwenye nyumba alikuwa karani wa serikali aliyepata njia ya kuondoka nchini na familia yake, na anayekimbia vita hana muda wa kubishana bei. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, bati limetobolewa na risasi mahali pawili, na wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakitafuta vyumba mtaa huo kila siku. Ningeziba bati, ningepangisha vyumba vyote, na kodi ya miaka miwili ingeninunulia kiwanja Kinanira, huko juu penye upepo. Nilishachagua hata rangi ya lango.

Shida ilikuwa karatasi. Nilikuwa na kadi ya ukimbizi, na kila niliyemuuliza aliniambia kwamba mgeni akiandikisha nyumba kwa jina lake anajitafutia matatizo. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa na Mrundi, mwalimu, mtu mpole, aliyenipokea kwake miezi minane bila kunihesabia sahani. Tukakubaliana iandikwe kwa jina la shemeji, vita vikiisha tubadilishe. Dada mwenyewe ndiye aliyehesabu pesa pamoja nami kitandani kwake, noti moja moja, akazifunga ndani ya kitenge chake.

Kuna jambo ambalo kila Mrundi analijua, nami nililichukulia kama adabu tu. Nyumba au shamba likiuzwa, mnunuzi huwanywesha mashahidi bia. Karatasi zinaweza kuungua, na miaka ile ziliungua nyingi, lakini mtu aliyekunywa bia anakumbuka alikunywa ya nani. Mimi nasali na Wapentekoste. Kwetu hata kushika chupa ya bia kulitosha kukusimamisha mbele ya kanisa zima. Basi nikampa shemeji pesa ya kreti mbili, akazileta yeye, akazifungua yeye, akasimama yeye kuwakaribisha majirani wanne. Mimi nilikaa jikoni na dada tukinywa fanta, roho yangu nyeupe. Utakatifu wangu niliulinda kwa bidii kweli.

Mwaka mzima kodi ilinifikia vizuri. Kisha mwezi mmoja nilipokwenda kuichukua, mpangaji wa chumba cha mbele alinitazama kwa huruma.

"Mama, patron alisema tusikupe tena. Alisema we ulikuwa unamusaidia kukusanya tu."

Nilicheka, kwa sababu sikuelewa. Patron wao kwenye karatasi alikuwa shemeji, nikaenda kwake moja kwa moja. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake na hakuinua kichwa.

"Nyumba ni yangu, shemeji. Soma papier."

Nikamshtaki kwa wazee waamuzi wa mtaa, wale wanaoitwa bashingantahe. Walikaa kwenye benchi, majirani wamewazunguka. Mkubwa wao hakuitaka hata karatasi. Aliwauliza mashahidi wanne, mmoja mmoja, siku ile walikunywa bia ya nani.

"Ya huyu bwana," alijibu wa kwanza. "Uyu mama mi sikumuona. Labda alikuwa mu cuisine."

Watatu waliobaki wakasema vilevile. Hawakudanganya, na hilo liliniuma zaidi, maana wangekuwa wamehongwa ningepata wa kumtukana. Nikasimama, nikaeleza kwamba pesa zilikuwa zangu, zote, na shahidi wangu ni dada yangu, yuko pale, aulizwe. Alikuwa amekaa nyuma ya mume wake. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilishaanza kupanga maneno nitakayomwambia shemeji tukitoka.

Mzee akamuuliza. Dada alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mi sijue mambo ya nyumba na parcelle," alisema. "Ni mambo ya bwana yangu."

Nilimwita, "Yaya," kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, mara moja tu. Hakunitazama. Nyumba ikabaki kwa shemeji, na wazee wakaendelea na kesi ya mbuzi. Ajabu ni kwamba shemeji sikuweza hata kumchukia. Mwizi nilishamjua tangu siku ya madaftari. Chuki yote ilimwendea yule aliyehesabu pesa zangu kwa vidole vyake.

Dada alinifuata mpaka barabarani, akanishika kiwiko kama alivyozoea.

"Dimanche utakuja kula? Nitapika sombe."

Nikamwambia nitakuja, kwa sababu tangu utotoni sikuwahi kumkatalia. Sikwenda Jumapili ile, wala nyingine yoyote. Watoto wake wamekua hawanijui.