Nchi Niliyosema Haikuwa na Watu

Kabla ya kuja Dubai nilikuwa mwalimu wa jiografia huko Uasin Gishu. Kwa miaka saba nilifundisha kilimo cha ngano Kanada bila kuiona Kanada. Kisha nikaja Mirdif, mtaa mmoja wa Dubai, kulea mtoto wa madam mmoja, na kumbe kwao ni mji mdogo katika nyanda zile zile za ngano. Sikumwambia niliwahi kushika chaki. Niliona haya.

Mwaka wa pili mama mzazi wa madam alikuja kumtembelea. Jioni moja mtoto alikuwa mezani akihangaika na kazi ya shule: aeleze mji wa mama yake ulivyoanza. Mimi nilikuwa napakua wali. Nikashindwa kujizuia.

"Ardhi ya huko ni tambarare, udongo mweusi," nikasema. "Zamani hapakuwa na watu. Reli ilipofika, walowezi wakajenga stesheni, wakajenga maghala ya ngano, ndipo mji ukawa mji."

Madam alishangaa. "Umeyajulia wapi hayo?"

"Nilikuwa mwalimu, madam." Kichwa kilinivimba.

Mtoto akaandika: hapakuwa na watu. Yule mama mzee akaweka kidole juu ya daftari. "Sisi ni wenyeji wa asili wa nchi ile. Nyanya yangu alizaliwa pale pale stesheni ilipokuja kujengwa," akasema taratibu. "Mahema yao yalikuwa kando ya mto. Walihamishwa, na hawakuruhusiwa kutoka walikopelekwa bila cheti cha ruhusa."

Uso uliniwaka. Babu yangu mwenyewe alifukuzwa ili mzungu alime ngano, na mzungu huyo alidai alikuta pori tupu. Nyumbani maneno hayo yalituchoma. Darasani niliyaandika ubaoni kila mwaka juu ya Kanada, nikawatahini watoto wa watu.

"Nisamehe, mama," nikasema, nikamweleza habari za babu. Alisikiliza mpaka wali ukapoa, kisha akanivutia kiti. Sikuwahi kuketi kwenye meza ile. Mtoto akafuta sentensi yangu. Nyanya yake akamchorea mto, akatufundisha jina la mto huo kwa lugha yao. Nililitamka vibaya mara tatu.

Likizo iliyofuata, sokoni nyumbani, nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani. Naye sasa anafundisha jiografia.

"Bado natumia noti zako, mwalimu," akaniambia kwa furaha.

Nilitaka kumwambia afute sentensi ile. Lakini watu walikuwa wengi, na wote walisikia nikiitwa mwalimu. Nikacheka, nikamuuliza mama yake anaendeleaje.