Kilio cha Ijumaa

Tulimwita mwalimu mdogo, maana mkubwa alikuwa padri Mjerumani. Mimi, niliyekuwa mkubwa kuliko wenzangu wote darasani, nilisoma kwake miezi minne tu. Zamani, akiwa mwanafunzi, kila Noeli alijifunga kaniki ya mama yake akaigiza mama wa Betlehemu aliyeuliwa mtoto na askari wa Herode, kwa kuwa wasichana hawakuruhusiwa kuigiza. Alilia mpaka watu walioshuka kutoka kijiji cha Kinole wakalia naye. Alipopewa darasa la watoto wadogo hakushika fimbo. Akitaka kimya, aliinua mkono wake mwembamba wenye chaki, akangoja. Ijumaa, wakisoma vizuri, walimwomba, "Mwalimu, tulilie kidogo!" Naye aliwalilia, wakampigia makofi, akawainamia. Lakini tangu mdogo wake Gabrieli achukuliwe upagazi wa vita, kila asubuhi alisimama dirishani kwanza, akatazama njia ya bondeni.

Jumanne moja aliyepanda njia ile alikuwa Stefano, aliyechukuliwa pamoja na Gabrieli. Alisimama mlangoni, miguu imejaa vidonda.

"Mwalimu, Gabrieli tulimzika Rufiji."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

Mkono wenye chaki uliinuka, ukabaki juu. Kisha akalia, kwa sauti ileile tuliyoizoea. Watoto wakapiga makofi. Nikamshika mikono aliyekaa kando yangu; wengine wakaendelea.

"Mwalimu," akasema kitoto cha mbele, "leo umelia vizuri kuliko Ijumaa!"

Akajifuta uso kwa kiganja, chaki ikabaki shavuni. Akawainamia.