Darasa la Bi Asya Lisiloita Majina

Saa mbili asubuhi, katika chumba kimoja cha Tibirinzi, Pemba, Bi Asya Hija anagonga meza kwa rula, kisha anaielekeza kwa Mjaka. Kijana anasimama kujibu. Humu ndani haitwi mtu kwa jina.

"Wageni hudhani kayasahau majina yetu," anasema Mjaka. "Uzee huo."

"Uzee unao wewe, uliyerudia kidato cha nne," anamjibu Bi Asya.

Bi Asya, mwalimu mstaafu wa miaka 63, anawaandaa vijana wa Pemba wanaoomba vyuo vikuu vya nje: Kiingereza, hesabu, insha na usaili wa mtandaoni. Mwenye uwezo hulipa shilingi elfu ishirini kwa mwezi. Asiye nao huleta mihogo.

Kwenye usaili ndiko walikokuwa wakiangukia.

"Mtoto wa huku hulelewa asiitikie sauti ya asiyemwona mpaka imwite mara ya tatu," anaeleza. "Wale wasiokuwa watu huita mara moja."

Nusaiba, binti wa kijiji cha Chokocho, aliponzwa na hilo. Msaili wa chuo kimoja cha Malaysia alizima kamera yake, akamwita, akamwita tena, akakata. Baada ya kuombwa sana, chuo kilimkubalia jaribio moja la mwisho.

Bi Asya akatundika kanga pembeni ya darasa, akawa anajificha nyuma yake na kuita. Wiki nzima Nusaiba aliuma meno, mpaka ulimi ukazoea: akiitwa tu, "Labeka."

Asubuhi ya usaili, Bi Asya alitoka nyuma ya kanga akaketi kunywa chai. Kikombe kikiwa mdomoni, sauti yake ikaita kutoka kule kule: "Nusaiba."

"Labeka," binti akaitika upesi, kama alivyofundishwa.

Mjaka akaifunua kanga. Ukuta mtupu, umelowa kwa kimo cha mtu, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

Mchana Nusaiba alijifungia peke yake na kompyuta. Aliitwa mara moja, akaitika, akafaulu. Msaili alimpongeza, akaomba tu kwamba siku nyingine yule dada aliyekaa naye asiitike pamoja naye.

Binti anaondoka mwezi ujao. Kanga imeshachomwa moto, majina hayaitwi tena darasani, na Bi Asya anatafuta njia nyingine ya kufundisha usaili.

"Mimi ndiye niliyemfungua mdomo," anasema kwa sauti ya chini. "Namuomba Mungu afike huko salama, aitwe mara moja, aitike, na aliyeita awe mwalimu kweli."