Nyambizi na Daftari la Wasafiri

Baba yake bibi nilimuua kwenye sura ya tatu ya riwaya yangu, kabla sijajua kama kweli alikufa. Nilimweka tumboni mwa meli ya mizigo, koleo mkononi, moto wa makaa ukimwakia usoni, kisha nikaitumia meli hiyo topido, kombora la chini ya maji. Sura ilinitoka kwa pumzi moja. Nje ya dirisha langu, hapa Kariakoo, spika ya muuza viatu ilikuwa ikipiga kelele za bei, nami ndani nikajiona fundi.

Nyumbani alikuwa bado hai, kwa namna yetu. Aliondoka bandarini wakati wa Vita vya Pili, kazi yake kuchochea makaa melini, bibi akiwa bado ananyonya. Hakurudi, na hakuja mtu kusema hatarudi. Kwa hiyo mama yake bibi hakukaa eda, maana mwanamke hakai eda ya mume aliyesafiri. Wala hakuolewa tena.

Kila Alhamisi, baada ya alasiri, bibi huomba dua ya nyumba. Majina yameandikwa kwenye daftari la shule: ukurasa wa kwanza wasafiri, wa pili marehemu. Macho yake yalipochoka, kazi ya kuyasoma ikawa yangu. Baba yake alikuwa wa kwanza kwa wasafiri, juu ya binamu aliyeko Maskati na mjomba anayeendesha lori la Tunduma. Angekuwa na zaidi ya miaka mia, na bado tulimwombea arudi salama.

Siku moja, sura ikiwa imeshaandikwa, nilikuwa natafuta mtandaoni vitu vya kuipamba: ndani ya nyambizi ya Kijerumani kunanukaje, watu wanalala wapi. Nikakuta historia ya utumishi ya nyambizi moja, imepangwa kama faili la mtumishi wa serikali. Ilijengwa wapi, ilikabidhiwa jeshini lini, mafunzo kwenye bahari ya baridi, doria ya kwanza, doria ya pili. Doria ya tatu ilizunguka kusini mwa Afrika ikaingia bahari yetu. Chini yake kulikuwa na meli ilizozamisha. Moja ilikuwa meli ya baba yake bibi; jina lake nililijua tangu utotoni, kwa sababu bibi hulitaja kwa sauti ambayo wanawake hutajia mke mwenza.

Naona aibu kusema nilichohisi kwanza. Nilifurahi. Niliona sura yangu imepata mifupa.

Nilikwenda kuchapisha zile kurasa kwa dada mmoja wa Moshi mwenye steshenari Mtaa wa Msimbazi.

"Mambo, mwandishi? Nyambizi tena?"

"Poa. Nyambizi tena."

"We dada, andika mapenzi. Kariakoo hii nani ananunua nyambizi?"

"Hii si ya kitabu."

"Ya nini sasa?"

Nikatoa hela. Akazibana kwa stepla, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa cheti.

Siku tatu nilitembea na kurasa zile begini. Nilikwenda Posta bila shughuli, nikashuka Feri, nikasimama mbele ya wakaanga samaki hadi mmoja akaniuliza, "Unanunua au unanusa?" Nikarudi kwa miguu. Nikizitoa, nazisoma, nikizirudisha, nasikia uzito wake begani. Maana kulikuwa na tatizo. Maofisa wa ile meli waliandikwa kwa majina, wachochea makaa waliandikwa kwa idadi tu, kama magunia. Jina letu halikuwapo. Huenda alishuka bandari ya kabla. Huenda aliugua akaachwa. Ningemwambia bibi nini? Kwamba baba yake amekufa, kwa ushahidi wa jedwali lililotengenezwa na watu waliohesabu meli?

Alhamisi ikafika. Bibi alikuwa ameshatandika mkeka na kuwasha udi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Siku tatu unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga."

Nikamwambia. Nikaanza na meli ya baba yake, lakini akaninyamazisha kwa kiganja.

"Anza na huyo aliyeizamisha. Tangu alipozaliwa."

Nikamsomea yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikitafsiri palepale: kiwanda kando ya mto, mafunzo, doria, meli iliyoipa mafuta katikati ya bahari, na siku ilipoizamisha meli yetu. Nikamsomea pia mstari wa mwisho, ndege iliyoikuta juu ya maji mwaka uliofuata ikaizamisha.

"Ndani walikuwa wangapi?"

"Zaidi ya hamsini."

"Walipona?"

"Hakupona hata mmoja."

"Na mama zao waliambiwa?"

"Nadhani waliandikiwa barua."

Akazungusha bangili yake. "Basi wametuzidi," akasema.

Nikamwambia na kile nilichotaka kuficha: kwamba jina halimo, kwamba sina hakika. Na kwamba mimi nilikwisha kumuua kwenye kitabu, bila ruhusa ya mtu.

"Uliandika alikufaje?"

"Haraka."

"Liache hilo." Kisha akanisogezea daftari. "Mama yangu alizeeka akisubiri hakika. Mwandike kwa marehemu."

"Nimkate huku kwa wasafiri?"

"Jina la mtu halikatwi kwa kalamu. Mwandike tu."

Nikaandika. Kurasa kumi na mbili za riwaya nilizikimbia; jina hili moja nililiandika herufi kwa herufi. Tukasimama tukamswalia, swala ya aliye mbali, ambayo haina rukuu wala sijida. Nyuma ya ukuta muuza viatu hakupunguza sauti.

Sura ya tatu nimeifungua mara nyingi tangu siku ile. Naongeza mstari, naufuta. Natoka, nafika Msimbazi, narudi. Neno "haraka" bado limo, na kila nikilitazama namsikia bibi akiniuliza.

Alhamisi iliyofuata nilifungua daftari, nikasoma wasafiri kama nilivyozoea. Ulimi ulitangulia macho. Nilikwisha kulitamka jina la kwanza, la baba yake, nilipogundua.

Bibi hakufungua macho.

"Huyo kafika," akasema. "Soma anayefuata."