Vigingi vya Kiringye

Venant alikuwa mpimaji wa njia. Kazi hiyo alifundishwa na Wabelgiji, na Uhuru wa Kongo ulipofika wakaondoka wakamwachia darubini ya kupimia na kofia moja. Reli ndogo ya zamani, iliyokuwa ikitambaa kutoka Uvira hadi Kamanyola, ilikuwa imekwisha kufa. Sasa wakubwa wa jimbo walitaka treni mpya ya abiria, yenye mbio: mtu anywe chai Uvira, chakula cha mchana akile Bukavu.

Mhandisi waliyemleta kutoka Léopoldville aliitwa Gaspard. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Treni ya mbio haitaki kona," alimwambia Venant siku ya kwanza. "Tutajipinda tukifika milimani. Huku bondeni, ni mstari ulionyooka."

Basi wakapima bonde la Ruzizi mchana kutwa, jua likiwachoma, wakivuta kamba na kupanda vigingi vyenye vichwa vyekundu katikati ya pamba na mihogo ya watu. Walipofika Kiringye, Venant alichungulia kwenye darubini akaona mlango anaoujua. Mstari ulikuwa ukielekea katikati ya nyumba ya Félicité, mama mkwe wake.

Mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Venant alisimama pembeni, macho chini, mkewe Charlotte, aliyekuwa amekuja kumwona mama yake, akawa kati yao.

"Charlotte," alisema Félicité, akitazama migomba yake, "uliza bwana yako, hii kamba iko inaenda wapi?"

"Iko inaenda Bukavu, mama."

"Na inapita mu nyumba yangu?"

Charlotte alimtazama mumewe.

"Mwambie njia ya watu inazunguka nyumba ya mwenyewe," alisema mama. "Maji ya mafuriko tu ndiyo hayazunguki."

Jioni Venant alimwomba Gaspard asogeze mstari kidogo. Gaspard aliitazama ramani kwa muda mrefu.

"Nikimzunguka mama mkwe wako, ndugu yangu, nitamzunguka mama mkwe wa kila mtu."

Kesho yake Venant alikipanda kile kigingi uani kwa mikono yake, kwa sababu hakutaka mtu mwingine afanye hivyo. Tangu siku hiyo Félicité hakumtumia salamu tena.

Mwaka 1964 uasi ulilipuka bondeni. Gaspard aliondoka kwa boti. Venant na Charlotte walikwenda Kiringye kumchukua mama, na huko ndiko waasi walikomkuta. Walikuwa wameviona vigingi bonde zima, na mkuu wao alikuwa na hakika kwamba ni alama za kuwaonyesha askari wa serikali njia.

"Nani alipanda miti hii?" aliuliza.

Wanakijiji walitazama chini. Félicité akajitokeza. Kwa mara ya kwanza alimtazama mkwe wake usoni.

"Ni huyu."

Waasi wawili walimkamata Venant wakamfunga mikono. Charlotte alipiga ukelele.

"Ni huyu, na minye nilimulaani," aliendelea mama. "Alitaka kubomoa nyumba yangu apitishe treni. Weye mukubwa, mupelelezi gani anaanzia kazi kwa mama mukwe wake?"

Muasi mmoja alicheka, kisha wenzake nao. Mkuu wao hakucheka, ila aliamuru Venant afunguliwe na aving'oe vigingi vyote mwenyewe. Aling'oa kutoka Kiringye kushuka kusini, mwenye bunduki akimfuata nyuma, viganja vikichubuka. Mgongo wake ulimuuma kuliko moyo. Kila kigingi alikikumbuka kilipopandwa. Hakukasirika, alitamani tu kulala.

Walipomwachilia, yeye, Charlotte na mama walivuka mto Ruzizi wakaishi ukimbizini Burundi. Waliporudi, mapigano yalikuwa yameichoma nyumba ya Kiringye, na migomba yote ilikuwa majivu. Félicité akahamia kwa Venant na Charlotte, mtaa wa Kilibula mjini Uvira, katika nyumba ya vyumba viwili, na Charlotte akatundika kitenge katikati ili mama na mkwe wasikutane macho.

Siku moja Gaspard alitokea mlangoni, mvi zimemjaa. Alisema wakubwa wapya wanaitaka ile treni, na mstari upimwe upya.

"Tafuta mwingine, bwana Gaspard," alisema Venant. "Minye nimepata kazi Kiliba, napima mifereji ya miwa."

Gaspard hakumbembeleza. Alikunywa maji, akaaga.

Nyuma ya kitenge sauti ilisikika. "Charlotte, uliza bwana yako, amekataa kwa sababu yangu?"

"Mwambie hapana," alisema Venant, akivua viatu. "Mwambie nimechoka."



"Hata minye," alisema mama. "Mupe chakula, basi."

Charlotte akaleta ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, Venant akala mpaka akamaliza.